Diwani Hakutaka Kuvuka Daraja

Salaam aleikum kwa wale wa salaam, na habari zenu kwa wale wa habari. Nyinyi vijana wa maji mnanijua. Mimi ni Dida, yule mzee wa punda aliyekuwa akiwapigia kelele pale mferejini tunapojazia maji, mkipanga mitungi vibaya. Nimestaafu. Hakuna bosi aliyenistaafisha. Ni goti, na goti halifanyi sherehe.

Sherehe mlifanya nyinyi. Mlinipa blanketi, asanteni, ni zito. Lakini kijana mmoja wa tuktuk, simtaji jina, alinivuta kando akaniambia, "Mzee, mimi nimekwama. Nina mipango mingi, lakini kila asubuhi najikuta palepale." Nilimwambia nitamjibu. Jibu lilikuwa refu kuliko soda aliyokuwa ameshika, ndiyo maana ninaliandika. Shule niliiachia darasa la tatu, na kila kitu nilicho nacho nimekivuta kwa mkokoteni, kwa hivyo msitarajie maneno ya semina. Mapato yangu pia sitayataja. Watoto walikula, nyumba ina mabati.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimning'iniza punda hewani. Nilikuwa nimeazima punda na mkokoteni, na mitungi yote nikaipanga nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa karibu na mfereji. Nilipoweka ule wa mwisho, mkokoteni ulikaa chini kama mama aliyechoka, mikono yake ya kufungia punda ikapanda juu, na punda akapanda nayo. Miguu ya mbele ikawa inatembea hewani, yule mnyama akiangalia mbele kwa heshima kama mtu aliyepanda ndege mara ya kwanza. Wanawake wa foleni waliacha ndoo zao zikafurika. Mmoja akaniuliza kama ninampeleka mbinguni moja kwa moja au atarudi jioni.

Aliyenisaidia ni Ekiru, mzee wa Kiturkana kutoka upande wa Ngare Mara, aliyekuwa ameuza maji tangu mji huu wa Isiolo ukiwa vumbi tupu. Hakucheka. Aliinua mitungi miwili ya nyuma akaileta mbele, na punda akashuka polepole mpaka chini.

"Wewe kijana," akasema, "hiyo mzigo inabebwa na magurudumu. Si punda. Punda ni wa kuvuta tu. Kama anabeba, umekosea. Kama anaruka, umekosea zaidi."

Huyo ndiye chuo changu. Alinifundisha kuweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko cha mtungi ili maji yasiruke njiani. Alinifundisha kusikiliza ekseli: ikilia kama kifaranga, weka grisi, ikilia kama mbuzi, simama, ikinyamaza ghafla, ruka kando. Alinifundisha kuonja maji kabla ya kuuza, maana kuna kisima kimoja ambacho maji yake yana chumvi. Niliwahi kupeleka maji hayo kwenye harusi bila kuonja, na chai ilivyonyweka hiyo siku, bwana harusi alidhani amelogwa.

Ekiru alipozeeka aliniuzia punda wake. Aliniambia, "Umenunua punda na kazi yake." Sikuelewa maana yake mpaka asubuhi iliyofuata.

Huyo punda aliitwa Diwani, kwa sababu alisimama kila mlango, alisalimia kila mtu, na huwezi kumharakisha. Alikuwa na njia yake kichwani. Anatoka mferejini, anasimama kwenye lango la kwanza, anangoja. Ukishusha mtungi mmoja, anausikia mkokoteni umepungua uzito. Ukimpa kipande cha chapati baridi, anaenda lango la pili. Hivyo hivyo mpaka kwa kinyozi, ambaye alikuwa mteja wa mwisho. Baada ya kinyozi anageuka mwenyewe na kurudi mferejini, uwe juu ya mkokoteni au uwe bado unaongea na kinyozi.

Katikati ya njia kulikuwa na nyumba ya mzee mmoja aliyehamia Gotu na kufunga mlango kwa kufuli. Diwani hakupewa habari. Kila siku alisimama hapo. Nilijaribu kumweleza, nilijaribu kumvuta, wapi. Mwishowe kila siku nilishusha mtungi kwenye lango la nyumba tupu, nikamega chapati, nikangoja kidogo, nikaupakia tena mtungi akiwa anatafuna. Watu waliokuwa wakipita walinipa pole. Walidhani nimefiwa hapo.

Sasa tufike kwa Habiba.

Mbele ya kinyozi barabara inaenda mpaka darajani, na ng'ambo ya daraja kulikuwa na mtaa ambao bomba la maji halikufika. Habiba aliishi huko. Alikuja mferejini na mtungi mgongoni, na alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza aliniambia, "Huyo punda wako ana adabu kuliko wewe. Yeye amenisalimia." Nikasema moyoni, huyu ndiye mke. Yeye alichukua muda zaidi kufikia uamuzi huo, lakini alifikia.

Baba yake alikuwa Hajji Abdi, Msomali wa zile familia za askari wa zamani, mwenye malori mawili na macho ya kupima kila kitu kama tairi. Nilienda kwake na kanzu niliyoazima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Una gari gani?"

"Punda, Hajji."

"Wako?"

"Wangu kabisa."

"Mimi ni mtu wa magari," akasema. "Sijui kusoma uso wa mtu. Naangalia chombo chake kinavyomtii. Mtaa huu hauna maji, wanawake wanavunjika migongo. Letea mimi maji hapa langoni na punda wako mwenyewe, si wa kuazima kama hiyo kanzu. Ukifika kabla ya mfungo, tutaongea. Ukishindwa, baada ya Idd kuna watu wengine wanakuja kuongea."

Hao watu wengine niliwajua. Alikuwa mtu mmoja tu, Hassan, dereva wa lori la ng'ombe la kwenda Kipsing, kijana mwenye saa ya mkononi na honi ya kuimba.

Nilitoka pale nikicheka. Kupeleka maji ng'ambo ya daraja, hiyo ni kazi ya kumpa mtu? Ni pale tu. Unaiona kwa macho.

Kesho yake nilimpitisha Diwani njia yake yote, nikafika kwa kinyozi, nikashusha mtungi, nikampa chapati, nikashika kamba kumwelekeza darajani. Aligeuka akarudi mferejini. Nilikuwa nimefunga kamba mkononi, kwa hivyo na mimi nilirudi mferejini.

Vijana, hapo ndipo nilipokwama, na nilikwama vizuri. Kila siku nilianza na nguvu mpya, na kila siku niliishia kwa kinyozi. Nilimsukuma kwa nyuma, akaniegemea akapumzika. Mtu alinishauri nimfunike macho na gunia. Nilimfunika, akageuka hivyo hivyo kipofu, akanirudisha mferejini bila kukosa lango hata moja, na kwenye nyumba tupu akasimama akingoja chapati yake. Mwingine akaniambia azima punda jike umtangulize. Niliazima kwa muuza makaa. Jike alifika mwanzo wa daraja, akachungulia mto chini, akabadilisha mawazo. Walirudi wote wawili bega kwa bega kama waliooana, na maji yangu nyuma yao, na mimi nyuma ya maji.

Kuna watu siku hizi wanafundisha kwamba ukitaka kufika mahali, fumba macho ujione umeshafika. Mimi nilijiona nimefika kwa Hajji kila siku. Nikifumbua macho niko mferejini.

Na Hassan alikuwa akipita. Kila akiliona gunia, au jike, au mimi nimelala barabarani nikivuta kamba, alipunguza mwendo na kutoa kichwa dirishani. "Waryaa Dida, huyo punda umemuoa ama yeye ndiye amekuoa?" Kisha honi, ule wimbo wote. Kinyozi alikuwa na wateja zaidi wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Walikuja kunyoa wakati wangu wa kufika, waone.

Mfungo ulikuwa unakaribia. Watu walikuwa wameanza kuulizana kuhusu mwezi. Nilienda kwa Ekiru, nikamkuta amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa pale mferejini, maana alikuwa amestaafu lakini hakuwa ameondoka.

"Unamwambia nini huyo punda?" akaniuliza.

"Namwambia tuvuke daraja."

"Yeye anajua daraja ni nini? Anajua Habiba? Anajua Idd?"

"Hajui."

"Sasa unagombana naye kwa kitu iko kwa kichwa yako. Huyo anajua lango ya mbele na chapati. Basi. Mpe lango ya mbele."

"Lango la mbele halipo, mzee. Baada ya kinyozi hakuna mteja."

Ekiru aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya punda hewani. "Si utafute," akasema.

Kijana wa tuktuk, kama unasoma haraka, punguza mwendo hapa.

Niliacha kufikiria daraja. Nilitoka kwa kinyozi kwa miguu yangu nikaingia mlango uliofuata, kwa mama mwenye kisiagi cha unga. Nikamwambia, "Mama, kuanzia kesho nakuletea mtungi mmoja wa maji bure."

"Kwa nini?" akauliza. Mtu akikupa kitu bure Isiolo lazima uulize.

"Nataka kuoa."

Alifikiri kidogo. "Mimi nimeolewa," akasema.

Nilimweleza. Kesho yake Diwani alipogeuka kwa kinyozi, mama wa kisiagi alikuwa amesimama nje na chapati mkononi, palepale Diwani anapoweza kumwona. Punda alisimama. Alimwangalia kinyozi, akamwangalia mama. Kisha akaenda hatua zile chache, akasimama kwa kisiagi, nikashusha mtungi. Aligeuka akarudi mferejini akiwa na furaha. Mimi pia. Njia yangu ilikuwa imeongezeka kwa upana wa duka moja, na nililala kama mtu aliyevuka bahari.

Baada ya kisiagi nilimpata fundi wa viatu. Baada ya fundi, askari wa lango la kanisa, ambaye alisema maji atachukua lakini chapati ataila yeye, tukagombana, tukaigawa. Lango kwa lango, Diwani akawa anaongeza mlango mmoja kwenye kichwa chake. Siku nyingine alikataa, tukarudi. Sikumpiga. Kesho yake nilianza mferejini kama kawaida, kwa lango la kwanza, na nyumba tupu pia sikuiruka. Kila nilipojaribu kuruka mlango ili tuwahi, tulipoteza siku nzima.

Tukafika mwanzo wa daraja. Hapo nikaona taabu mpya ambayo sikuifikiria: darajani hakuna nyumba. Hakuna lango. Hakuna mtu anayeishi katikati ya daraja.

Nilienda kwa Mama Kendi, Mmeru aliyeuza viazi na miraa stendi.

"Mama Kendi, nataka uhamie darajani."

"Mimi nikae kwa daraja nifanye nini? Mimi ni taa?"

"Uoshe viazi vyako hapo kila asubuhi. Maji nakuletea."

"Magari yatanigonga."

"Kuna njia ya miguu pembeni. Na maji ni bure."

"Hiyo ya bure ungeanza nayo, Dida. Unazunguka kama wakili."

Kesho yake Mama Kendi alikuwa katikati ya daraja amekalia kigoda, karai mbele yake na gunia la viazi pembeni, akipiga kelele kwa kila gari lililompigia honi. Nilifika na Diwani mwanzo wa daraja. Alisimama, akachungulia mto. Masikio yakaenda mbele, yakaenda nyuma. Mama Kendi akainua chapati juu kama tiketi.

"Kuja, Mheshimiwa," akasema. "Wananchi wako wana kiu."

Diwani aliweka mguu darajani. Akauweka wa pili. Nyuma yetu magari yalikuwa yamesimama, na katika hayo lilikuwemo lori la ng'ombe la Hassan, na honi yake ikaimba wimbo wote mara mbili. Diwani hakugeuka. Wimbo ule alikuwa ameuzoea kwa kinyozi, alidhani ni sehemu ya kazi. Akafika kwenye karai, akasimama, akangoja. Nilishusha mtungi. Viazi vya Mama Kendi baadaye viliuzwa kuliko vya mtu yeyote, maana mji mzima ulikuwa umeviona vikioshwa. Hajawahi kunishukuru.

Siku ya mwisho kabla ya mfungo nilijaza mkokoteni mpaka ukalalamika. Tulipita milango yote, tukamfikia Mama Kendi, tukashusha, na mbele, mwisho wa daraja, nilikuwa nimempanga dada yake Habiba asimame na chapati. Diwani akavuka. Nyumba ya Hajji ilikuwa upande wa mbali wa ule mtaa, na nilimwona kwa macho yangu, ameketi nje ya lango lake na kofia nyeupe, akituangalia.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilikuwa nimemfundisha Diwani kwa bidii sana kwamba kila lango jipya ni mteja. Alikuwa ameelewa. Alipoingia mtaa wa Hajji alisimama lango la kwanza. Nikasema, hapana, mbele. Alinitazama. Nikashusha mtungi, na kabla sijaurudisha, mama mwenye nyumba alikuwa ameutoa mikononi mwangu na kuniombea dua. Mtaa haukuwa na maji, ungemnyang'anya? Lango la pili, vilevile. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Diwani alivuka barabara mwenyewe ili asimwache mtu. Wanawake walitoka wakishangilia, wazee wakanishika mkono, na mkokoteni ukawa mwepesi, mwepesi, na Hajji yuko palepale anaangalia.

Mtungi wa mwisho ulishuka kwenye lango la jirani yake. Ulishukia mikononi mwa msichana aliyejifunika ushungi, akauchukua haraka akaingia ndani, wala sikumwangalia uso. Nilifika kwa Hajji Abdi na punda, mkokoteni mtupu, na jasho.

Diwani akasimama langoni, akangoja nishushe mtungi.

"Amefika," akasema Hajji.

"Amefika, Hajji."

"Chombo kinatii." Akachungulia ndani ya mkokoteni. "Maji yako wapi?"

"Yako kwa majirani zako."

"Mimi nilisema hapa langoni."

Nilimwangalia Diwani, yeye alikuwa anatafuta chapati mfukoni mwangu. Ndani ya ua tukasikia maji yakimwagwa kwenye pipa, yale maji mengi ya mtungi mzima, hayana haraka. Habiba akatoka na birika, ushungi uleule wa langoni kwa jirani ukiwa umelowa bega.

"Aabo," akamwambia baba yake, "maji ya udhu haya hapa. Yameletwa. Pipa lina maji."

"Yamepitia wapi?"

"Yamepitia lango la nyuma. Wewe ulisema maji yafike. Hukusema yaingilie mlango gani."

Hajji alimwangalia binti yake, kisha akaniangalia mimi kwa huruma, kama anayemwona mtu anayenunua gari lenye injini kubwa kuliko anavyojua. Akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha viganja. Habiba akammiminia. Alitawadha taratibu, mikono, mdomo, uso, mpaka miguu. Alipomaliza akasema, "Ingiza huyo punda ndani, yuko juani. Tukishaswali tutaongea."

Hassan alioa Moyale. Honi yake ilikuja kuibwa.

Niliuza maji mtaa ule maisha yangu yote ya kazi, mpaka bomba likafika. Mambo mengine yote niliyoyapata niliyapata kwa njia ileile. Kusoma nilijifunzia ukubwani, herufi zikiwa kama milango: sikuiruka hata ile ambayo haina mtu ndani. Diwani alikufa mzee, na nilimzika, nyinyi mkicheka. Punda waliomfuata walikuwa wazuri lakini hakuna aliyekuwa na siasa.

Ndipo goti likaja. Habiba alisema niende kliniki. Nilikataa. Mimi nilikuwa sijawahi kuingia kliniki, na nilimwambia wazi kwamba sitaenda, wala kwa kuvutwa. Hakubishana, na hapo ningepaswa kushtuka. Asubuhi moja akaniambia chai leo tutakunywea kwa kinyozi, mtoto wa yule wa zamani. Tukanywa. Siku nyingine akasema kinyozi ana kelele, twende mbele kidogo kwa mama wa mandazi. Baadaye kwa rafiki yake mwenye duka la dawa, ambaye ana kiti kizuri. Nilikuwa nafurahia matembezi, nikawa nawaambia watu goti si baya sana, naenda popote.

Juzi tulisogea kutoka duka la dawa, tukakaa kwenye benchi refu, watu wakiwa wamejipanga. Nikatafuta chai sikuiona. Mbele yangu mlango ukafunguliwa, nesi akaita, "Mzee Dida."

Nikamgeukia mke wangu. "Habiba. Hii umeifanya makusudi?"

Alitoa kitambaa kwenye mkoba wake, akakikunjua, akamega kipande cha chapati baridi, akanipa.

Nikala. Nikaingia.